Gleneagles, Miaka Ishirini Baadaye: Deni Lililofutwa na Msaada Usiofika

DADA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, dada. Habari za tangu wiki iliyopita?

DADA: Njema. Leo tunarudi Uskoti, Julai 2005, kwenye hoteli ya Gleneagles iliyozungukwa na viwanja vya gofu, ambako viongozi wa nchi nane zenye nguvu kiuchumi walikutana tarehe 6 hadi 8 chini ya uenyekiti wa Tony Blair, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza. Siku ya pili mabomu yalilipuka London, Blair akalazimika kuwaacha wageni wake kwa muda, na bado mkutano ukamalizika kwa ahadi mbili kubwa kuhusu Afrika, yaani kufutwa kwa madeni na kuongezwa kwa misaada. Ningependa tuelewe kwa nini ya kwanza ilitimia na ya pili ikaishia njiani.

MWALIMU: Tuanze na deni, kwa sababu kazi yake ilikuwa imekwisha kufanyika. Mawaziri wa fedha wa nchi hizo walikubaliana London mwezi Juni, kwa hiyo wakubwa walipofika Gleneagles walikuta mkeka umeshatandikwa. Zaidi ya dola bilioni 40 zilizokuwa zikidaiwa nchi 18 zingefutwa, na katika nchi hizo zilikuwamo Tanzania, Uganda na Rwanda. Wadai walikuwa watatu tu: Shirika la Fedha la Kimataifa, Benki ya Dunia na Mfuko wa Maendeleo wa Afrika. Kila mmoja ana daftari lake, na nchi tajiri zina kura nyingi katika bodi zao, hivyo zikikubaliana jambo linakwenda.

DADA: Kenya haikuwamo.

MWALIMU: Haikuwamo, kwa sababu waliopiga hesabu waliona deni lake linabebeka. Burundi ilingoja hadi mwaka 2009 na Kongo hadi 2010, kwani msamaha ulitolewa kwa nchi iliyokwisha kumaliza masharti ya mpango wa awali wa nchi maskini zenye madeni makubwa. Kisha kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui, nalo ni tarehe ya ukomo. Benki ya Dunia ilifuta mikopo iliyokuwa imetolewa hadi mwisho wa mwaka 2003, ilhali wale wengine wawili walihesabu hadi mwisho wa 2004. Kwa maana hiyo, fedha ya Benki ya Dunia iliyoingia hazina Januari 2004 ilibaki kuwa deni, na ile iliyoingia Desemba, wiki chache tu kabla yake, ikasamehewa.

DADA: Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba ada za shule za msingi Tanzania zilifutwa kwa sababu ya Gleneagles.

MWALIMU: Hapo wanachanganya mambo. Tanzania ilimaliza mpango ule wa awali mwezi Novemba 2001, na MMEM, mpango wa elimu ya msingi ulioanza 2002, ulikuja na shule zisizo na ada miaka mitatu kabla ya viongozi hao kukanyaga Uskoti. Nilikuwa nafundisha wakati huo. Siku ya kuandikisha darasa la kwanza foleni ilitoka ofisini ikazunguka mwembe, na ndani yake walikuwamo watoto wa miaka saba pamoja na kaka zao wa miaka kumi na miwili waliokuwa wamekosa ada. Madawati hayakutosha, chaki tuliikata vipande viwili. Kwa hiyo mtu akiniambia kuwa msamaha wa madeni ni maneno ya wakubwa tu, namkatalia, ila na tarehe nazo tuziheshimu.

DADA: Na msaada?

MWALIMU: Waliahidi kwamba ifikapo mwaka 2010 misaada ya dunia nzima ingekuwa imeongezeka kwa dola bilioni 50 kwa mwaka ikilinganishwa na 2004, na nusu ya nyongeza hiyo ingekwenda Afrika. Sasa soma kiambatisho cha tamko la mkutano, dada, uone kila mmoja alivyoshika futi kamba yake. Marekani ilisema itaongeza mara mbili misaada kwa Afrika kusini mwa Sahara kuanzia 2004. Kanada ikaanza kuhesabu kutoka 2001. Japani ikataja dola bilioni 10 katika miaka mitano. Nchi za Umoja wa Ulaya zikatumia asilimia ya pato la taifa, zikilenga ile asilimia 0.7 ambayo Umoja wa Mataifa uliipitisha tangu mwaka 1970.

DADA: Kwa hiyo ile bilioni 50 haikuwa na mdaiwa.

MWALIMU: Ilikuwa jumla tu. Kila nchi ilirudi kwa bunge lake na bajeti yake, kisha msukosuko wa fedha wa 2008 ukaja. Italia, mathalani, ilipunguza badala ya kuongeza. Ilipofika 2010, nyongeza iliyofika Afrika haikufikia hata nusu ya iliyoahidiwa, na wala hapakuwa na mahali pa kwenda kudai.

DADA: Lakini Blair aliwataka viongozi watie saini mbele ya kamera, jambo ambalo si kawaida ya mikutano hiyo.

MWALIMU: Saini ilipigwa picha nzuri. Mimi hutazama vitenzi. Rasimu za matamko haya huandaliwa kwa miezi na wasaidizi wanaoitwa masherpa, na neno lisilokubaliwa huwekwa ndani ya mabano mpaka mtu mmoja alegee. Mara nyingi bei ya kuyaondoa mabano ni kugeuza «tutatoa» kuwa «tutajitahidi kutoa».

DADA: Je, msamaha kama ule ungewezekana leo?

MWALIMU: Itazame Zambia, ambayo ilikuwa miongoni mwa zile 18. Mwezi Novemba 2020 ilishindwa kulipa riba ya hati fungani zake za nje, yaani hati za mkopo ambazo serikali huwauzia wawekezaji, na mwezi huohuo kundi la G20 la nchi zenye uchumi mkubwa likaidhinisha utaratibu wa pamoja wa kushughulikia madeni. Makubaliano na serikali zinazoidai, China ikiwa kubwa kuliko zote, yalipatikana Juni 2023, na wenye hati fungani wakafuata mwaka 2024. Wadai watatu wa 2005 wangetosha kwenye benchi moja. Hati fungani huuzwa na kununuliwa kila siku, na anayekudai asubuhi huenda jioni si yeye tena.