Bustani ya Uani Wakati wa Kusi

Assalaam aleykum, na hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumzie bustani za nyumbani mwezi huu wa Juni. Tazameni pakiti hii ya mbegu za nyanya, kaniletea mwanangu kutoka Uingereza. Nyuma imeandikwa: toa miche nje Juni. Kule ni kweli, majira ya joto ndiyo yanaingia, na mche ukitoka mapema jalidi huuua. Hapa Tanga Juni ni kipupwe. Masika imetuaga, kusi linavuma, na nyanya inapapenda hapo hapo, kwa kuwa usiku wa joto la Februari hupukutisha maua kabla hayajashika tunda. Mwezi ni mmoja, sababu ni kinyume. Kwa hiyo mtu wa pwani afuate upepo. Kwenye pakiti asome kina cha kufukia mbegu tu.

Kinachotusumbua zaidi ni mchanga. Watu wa Raskazone na Sahare mnanielewa: unamwagilia asubuhi, adhuhuri tuta kavu kama hujaligusa. Na makumbi ya nazi tunayachoma bure! Yaloweke usiku kucha, chimba futi moja na nusu, yapange chini, upande wa nyuzi ukitazama juu, kisha rudishia udongo uliochanganywa na samadi. Yatanyonya maji na kuyaachia polepole. Samadi iwe imeoza. Mbichi huunguza mizizi. Juu tandaza nyasi kavu.

Maji ya kisima yaonjeni kwanza. Yakiwa na chumvi, maharage yatadumaa, spinachi huvumilia.

Mchicha sina la kuwafundisha, wiki tatu uko chunguni. Nyanya ikae kitaluni kama wiki nne, uipandikize jioni, mche na mche sentimita 60, mahali ambapo msimu uliopita hapakuwa na biringanya wala pilipili. Hao ni ndugu, wanarithishana mnyauko. Halafu kuna kantangaze, kiwavi anayekula ndani ya jani la nyanya, aliyeingia nchini mwaka 2014. Ukiona jani lina mabaka meupe kama karatasi, lichume ulichome. Mimi mwaka jana niliyatupa nyuma ya banda la kuku, nikijiona nimemaliza kazi. Nyanya nilikwenda kununua soko la Mgandini.

Bamia mimi huisubirisha mpaka vuli, usiku wa kipupwe huizubaisha.

Naam, Bibi, nimekuona. Umenyoosha mkono tangu nilipotaja bamia. Karibu.