Ruzuku ikipanda, mji nao unatoa nini?

Wazazi wenzangu wa New Haven, wakubwa shikamooni, na wengine habari za jioni.

Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya Connecticut, katika kesi ya Horton na Meskill, iliamua kuwa kuziacha shule zitegemee kodi ya majengo ya kila mji ni kuvunja katiba ya jimbo. Mji wenye majumba ya thamani ulitoza kodi ndogo na shule zikashiba. Mji maskini ulijikamua na bado hazikutosheka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ikaja ruzuku tunayoisikia kila msimu wa bajeti, ECS (Education Cost Sharing), yaani fedha ambazo jimbo huupa mji kusaidia shule zake.

Hesabu yake huanzia dola 11,525 kwa mwanafunzi. Mtoto wa familia yenye kipato kidogo huongezewa asilimia 30, anayejifunza Kiingereza asilimia 25. Kisha jimbo hupima uwezo wa mji na kuamua libebe sehemu gani. Kwa hiyo mtoto aliyefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, hajui Kiingereza, anahesabiwa zaidi ya mwenzake. Asikuambie mtu kwamba mwanao ni mzigo kwa shule.

Sasa nisikilizeni vizuri. Ruzuku hii kwa kawaida huingia hazina ya mji, na ni mji unaopitisha fungu la elimu. Jimbo likiongeza milioni mbili, nini kinauzuia mji kupunguza milioni mbili zake ukazipeleka kwingine? Kinachouzuia ni sheria ya kima cha chini cha bajeti: mji usitenge kwa elimu pungufu ya ulichotenga mwaka uliopita, na ruzuku ikiongezeka, nyongeza hiyo iwekwe juu yake. Ukikiuka, unaweza kukatwa ruzuku mara mbili ya pengo lenyewe. Miji mingine hupata nafuu, kwa mfano wanafunzi wakipungua. Sisi, pamoja na Hartford, Bridgeport na Waterbury, tumo katika wilaya za shule ziitwazo Alliance, zile zenye matokeo ya chini. Kwetu sheria inabana zaidi, na nyongeza hutumiwa kwa mpango ulioidhinishwa na kamishna wa elimu.

Lakini kima hicho hakipandi pamoja na bei. Mishahara inapanda, bima ya afya inapanda, mabasi, elimu maalumu, vyote vinapanda. Mji ukitoa kilekile cha mwaka jana umetii sheria, na shule inapoteza mwalimu. Hata zile dola 11,525 zilipangwa mwaka 2013, zikakaa zaidi ya muongo bila kuguswa. Ninaumia kila nikisikia watu wakishangilia kwamba bajeti ya shule “haikupunguzwa”. Kima cha chini kimefanywa kuwa kikomo.

Meya hutoa pendekezo lake mwanzoni mwa Machi, kisha madiwani husikiliza wananchi kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1. Nendeni. Waulizeni: ukiondoa ruzuku ya jimbo, fedha za mji wenyewe kwa shule zimeongezeka kwa dola ngapi kuliko mwaka jana? Na wakijibu kwa asilimia, ombeni dola.