Yanayosemwa Kikaoni Yabaki na Mgonjwa

Ndugu wahudumu wa afya wa Tanga, nanyi mnaouguza jamaa zenu majumbani, asalaam aleikum.

Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu, haimnyang'anyi mtu furaha na usingizi tu, bali humpunguzia pia uwezo wa kuzingatia na kukumbuka, na kwa hiyo tiba ya mazungumzo huitegemea akili ileile ambayo ugonjwa umekwisha kuichosha. Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kumbukumbu yake, alionyesha kwamba mengi tunayojifunza hupotea ndani ya saa chache za mwanzo. Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanasaikolojia Allison Harvey na wenzake wamelishughulikia suala hili kwa wagonjwa wa sonona hasa: mtoa tiba hurudia hoja, huuliza, na humpa mgonjwa nafasi ya kuitumia.

Kwangu mimi, kuuliza ndiko kwenye uzito. Kumwambia mgonjwa jambo mara tatu kunamsaidia kidogo kuliko kumwacha alitafute mwenyewe kichwani na kulisema kwa maneno yake, hata akisitasita, hata dakika mbili zikipita kimya.

Tuchukue mfano wa mama wa Ngamiani anayekaanga vitumbua alfajiri, kisha akajifungia chumbani mchana kutwa. Somo la kikao ni kwamba asingoje hamu irudi ndipo atoke. Atoke, na hamu huenda ikamfuata. Akiondoka na agizo la "jitahidi kutoka nje", amekwenda mikono mitupu. Lakini akisema mwenyewe, "Nikishaosha karai la vitumbua, navaa ushungi, naenda kwa dada Barabara ya 12," karai lenyewe litamkumbusha. Maneno hayo yaandikwe daftarini kwa mkono wake, au, kama hasomi, ayarekodi kwenye simu kwa sauti yake.

Kikao kinachofuata kianze hapo: alikumbuka nini, alifanya nini, kipi kilimkwaza. Aliyesahau asikaripiwe hata kidogo, kwa kuwa tayari anajilaumu kupita kiasi, na kusahau kwenyewe ni sehemu ya maradhi.

Ninyi jamaa mna nafasi yenu, mradi mgonjwa ameridhia. Hamhitaji kujua siri za kikao; inatosha dada wa Barabara ya 12 ajue kwamba mdogo wake atakuja, na asipomwona, amfuate watoke pamoja.