Namba ya Kwenye Pampu: Gari Lako Linataka Petroli Gani?

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi ni Zuhura, na Fundi Khamis yupo hapa pembeni yangu. Fundi, leo nianze na langu mwenyewe. Zamani nilikuwa na gari dogo, la kawaida kabisa. Kila nikipata mshahara nililijazia petroli ya namba ya juu. Nilijua nalitendea wema.

FUNDI KHAMIS: Na uliona tofauti?

ZUHURA: Niliona linavuta vizuri zaidi. Hata leo ukiniuliza nitakwambia lilivuta.

FUNDI KHAMIS: Wateja wangu wengi husema hivyohivyo, na siwalaumu. Ukiona 95 imeandikwa kando ya 98, akili inakwambia ya pili ina nguvu zaidi. Lakini, Dada Zuhura, namba ile, yaani oktani, haipimi nguvu. Inapima uvumilivu.

ZUHURA: Uvumilivu wa nini?

FUNDI KHAMIS: Wa kubanwa. Ndani ya silinda, pistoni inapanda na kuubana mchanganyiko wa hewa na petroli. Kitu kikibanwa hivyo kinapata joto. Kisha plagi inatoa cheche, moto unaanzia pale na kusambaa kama moto wa nyasi. Sasa ile sehemu ambayo moto haujaifikia inazidi kubanwa na kuchemka. Petroli yenye oktani ya kutosha inasubiri zamu yake. Isiyotosha haisubiri, inalipuka yenyewe, yote kwa mpigo.

ZUHURA: Na hapo ndipo injini inagonga.

FUNDI KHAMIS: Ndipo hapo. Panda mlima na mzigo, gia kubwa, mguu umekanyaga mafuta. Utasikia mlio kama kokoto zinatikiswa ndani ya kopo. Ukiachia mafuta kidogo, mlio unapotea. Nimewahi kufungua injini iliyoendeshwa hivyo muda mrefu. Plagi ilikuwa na vichembe vidogo vinavyong'aa kwenye ile kauri nyeupe. Ilikuwa aluminiamu ya pistoni, imeyeyuka na kurukia pale. Mwenyewe alikuja akidhani anahitaji plagi mpya tu.

ZUHURA: Maskini. Hizo namba zilitoka wapi?

FUNDI KHAMIS: Zilitungwa Marekani miaka ya 1920. Walichukua vimiminika viwili: isooktani, inayovumilia sana, wakaipa 100, na heptani, inayolipuka upesi, wakaipa 0. Petroli ya 95 ni ile inayovumilia sawasawa na mchanganyiko wa asilimia 95 ya isooktani na asilimia 5 ya heptani. Basi. Na ushahidi kwamba oktani si nguvu ni ethanoli. Oktani yake inapita 100, lakini lita yake moja ina nishati kama theluthi mbili tu ya lita ya petroli.

ZUHURA: Hiyo sikuijua kabisa. Na risasi je, yale madini? Wazee walikuwa wakisema petroli yenye risasi.

FUNDI KHAMIS: Risasi iliwekwa kwa ajili hiyohiyo, kuzuia kugonga. Iligunduliwa mwaka 1921 kwamba inafanya kazi hiyo, na nchi ya mwisho kuacha kuiuza kwa magari, Algeria, iliacha mwaka 2021.

ZUHURA: Karibu miaka 100 watoto wanavuta moshi wa sumu ili injini isigonge! Inaniuma nikifikiria. Haya, turudi kwenye pampu. Msikilizaji mmoja ameuliza: ameona video za Marekani wanajaza 87, na yeye anaona 91 na 95. Je, anauziwa ya bei ya juu bila sababu?

FUNDI KHAMIS: Swali zuri mno, kwa sababu linaponza watu wengi. Kuna vipimo viwili. Kimoja kinaitwa RON, kinafanywa injini ya majaribio ikizunguka taratibu. Kingine ni MON, chenye joto kali zaidi na mzunguko wa kasi, kwa hiyo namba yake inatoka ndogo. Nchi nyingi zinaandika RON kwenye pampu. Marekani na Kanada wanajumlisha zote mbili na kugawa kwa 2. Kwa hiyo 87 yao ni kama 91 au 92 kwa hesabu ya RON. Ukisoma namba kwenye kitabu cha gari, tazama kwanza imeandikwa kwa kipimo gani.

ZUHURA: Na kitabu kikiwa kimepotea?

FUNDI KHAMIS: Fungua kile kifuniko cha nje, pale unapotia mafuta. Magari mengi yana kibandiko kwa ndani. Yaliyotoka Japani huwa kimeandikwa kwa Kijapani, na watu hawakijali. Kipige picha, kitafsiri kwa simu. Kule petroli ya kawaida inaanzia RON 89, na ya juu inaanzia 96. Kibandiko kikisema ya juu, usikipuuze.

ZUHURA: Wengine wanasema, "Gari langu lina sensa, litajirekebisha."

FUNDI KHAMIS: Ni kweli, sensa inasikia injini ikigonga na kompyuta inachelewesha cheche. Injini inanusurika, lakini nguvu inapungua na unywaji wa mafuta unaweza kuongezeka. Na hapa usome neno kwa neno. Kitabu kikisema "inapendekezwa", ya chini inakubalika, utapoteza nguvu kidogo. Kikisema "inahitajika" au "lazima", ni lazima. Hizo mara nyingi ni injini zenye turbo au zenye mbano mkubwa. Gari la zamani la kabureta halina sensa kabisa. Hilo linategemea sikio lako.

ZUHURA: Na mimi niliyejaza ya juu kwenye gari la kawaida?

FUNDI KHAMIS: Hukuliharibu. Ulipoteza pesa tu. Wenzako ni wengi: mwaka 2016 chama cha madereva cha Marekani, AAA, kilikadiria kwamba madereva wa kule walipoteza zaidi ya dola bilioni 2.1 kwa mwaka kwa jambo hilohilo.

ZUHURA: La mwisho, Fundi. Nimekosea, nimetia 91 kwenye gari linalotaka 95, na nimeshaondoka kituoni.

FUNDI KHAMIS: Usipaniki, wala usimwage. Endesha taratibu, shusha gia mapema mlimani, usivute mzigo. Tangi likifika nusu, jazia 98. Nusu ya 91 na nusu ya 98 zikichanganyika utapata kama 94 na nusu, umeshakaribia. Ukisikia zile kokoto kabla ya hapo, achia mafuta papo hapo.