Shule Inayoficha Hesabu Haitaaminika Siku ya Hatari

Mhadhara uliotolewa mjini Goma mbele ya wazazi, walimu na wakuu wa shule

Wazazi, walimu, wakuu wa shule, na ninyi watumishi wa Mungu mliotufungulia ukumbi huu, asanteni. Na wanafunzi wa mwaka wa sita mlioketi kule nyuma, karibuni, maana leo mnaongelewa ninyi.

Nimeombwa niongee mambo mawili: shule iwajulishe wazazi namna gani kuhusu usalama wa watoto, na iwajulishe namna gani kuhusu pesa. Waandaaji walitaka kila jambo lipewe nusu saa yake. Nimewaomba wanisamehe, kwa sababu hapa Goma siwezi kuyatenganisha. Mzazi aliyetoa dola tano mwezi wa kumi za kutengeneza paa la darasa, kisha asione hata bati moja likipigiliwa, ni huyohuyo ambaye siku milio ya bunduki ikisikika mtamwambia: "Mama, usije, mtoto wako yuko salama." Awaamini kwa lipi? Atakuja mbio, na wenzake mia moja watakuja mbio. Lango litasukumwa, wadogo watakanyagwa, na katika vurugu hiyo mtoto mmoja atashikwa mkono na mtu asiyemjua. Mtasema wazazi wa mtaa huu ni wabishi. Mimi nasema waliacha kuwaamini mwezi wa kumi, na hakuna aliyewauliza kwa nini.

Mji huu unajua habari isiyofika inagharimu nini. Tarehe 17 Januari 2002, siku ya Alhamisi, volkano yetu ya Nyiragongo ilitema moto, lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ikarudia, safari hii Jumamosi jioni, bila onyo lolote kwa raia. Wengi wenu mlikuwa njiani usiku ule, wengine mkielekea Gisenyi, wengine Sake. Kesho yake UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na familia zao, na wengine zaidi ya 170 walihofiwa kupotea. Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, ikatoka amri ya kuhamisha mitaa 10 kati ya 18 ya mji, na watu karibu laki nne wakatoka.

Katika habari za siku zile kuna jambo moja ambalo naomba wakuu wa shule walishike. Ufadhili mkubwa wa kituo chetu cha kuchunguza volkano ulikuwa umekwisha mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa kilikaa bila intaneti ya kupokea habari kutoka kwenye mitambo iliyoko mlimani. Deni la intaneti, jamani! Hesabu ya ofisi ikageuka kuwa swali la uhai wa mji mzima. Ndiyo maana nasema anayeuliza bajeti anauliza usalama, na mzazi akiuliza pesa za shule zimekwenda wapi asijibiwe kama mtu mwenye nia mbaya.

Lakini kituo hicho pia kimetufundisha jambo zuri. Rangi za tahadhari ya volkano tunazijua wote, kuanzia Birere mpaka Mugunga: kijani, njano, machungwa, nyekundu. Tunazijua kwa sababu hutangazwa hata siku ambazo mlima umetulia. Mtu amezoea kutazama, na rangi ikibadilika anashtuka kwa sababu jana aliona nyingine. Shule nyingi zetu hazina mazoea hayo. Zinanyamaza miezi mitatu, kisha komunike inakuja nyumbani kwa mambo mawili tu: pesa zinadaiwa, au kuna balaa. Sasa mzazi akiona karatasi mkononi mwa mtoto, moyo unapiga kabla hajasoma. Na akisoma, imeandikwa kwa Kifaransa cha ofisini.

Tuandike kwa Kiswahili. Kifaransa kibaki darasani na kwenye barua za serikali, lakini karatasi inayomwambia bibi anayelea wajukuu watatu kwamba kesho hakuna masomo, hiyo iandikwe kwa lugha anayotumia akinunua samaki wa sambaza sokoni. Na ije kila wiki, siku ileile, hata kama habari zenyewe ni ndogo. Maji ya tangi yamefika. Mwalimu wa hesabu ni mgonjwa, fulani anamshikia darasa. Kuna kuhara katika mtaa jirani, mpeni mtoto chupa ya maji yaliyochemshwa. Kule bondeni nyuma ya uwanja kuna mazuku, mashimo yenye hewa ya sumu, watoto wasishuke huko, hasa asubuhi mapema. Hilo la mazuku tusilipite haraka. Ile hewa ya ukaa ni nzito, hujikusanya mahali pa chini, na mtoto ni mfupi, pua yake iko karibu na ardhi. Mbuzi hufia humo, na watu hufia humo. Shule iliyojengwa juu ya mawe ya lava upande wa magharibi wa mji inapaswa kujua mashimo yake, kuyawekea alama, na kuwaeleza wazazi yalipo.

Sasa siku ya hatari yenyewe. Nimesoma ujumbe mwingi wa shule ulioandikwa kwa haraka, na karibu wote una kasoro moja: unamtuliza mzazi bila kumwambia kitu. "Wazazi wapendwa, tafadhali msiwe na wasiwasi, hali inadhibitiwa." Mzazi hawezi kufanya lolote na sentensi hiyo. Ngojeni niwasomee mwingine, nimeuandika kwa ajili ya leo:

"Leo Jumanne, saa nne asubuhi. Tumesikia milio upande wa kaskazini, mbali na shule. Watoto wote wako darasani, tumewahesabu, hakuna aliyekosekana. Lango limefungwa. Msije sasa, njia si nzuri. Hatutamtoa mtoto yeyote isipokuwa kwa mtu aliyeandikwa kwenye orodha yake. Tutawaandikia tena saa tano kamili, hata kama hakuna jipya. Ni mimi, mkuu wa shule."

Angalieni saa. Ujumbe bila saa huzunguka mji mzima siku tatu, na mtu wa Keshero anaupokea Alhamisi akidhani ni wa Alhamisi. Angalieni ahadi ya saa tano. Mzazi anayejua lini ataambiwa tena anaweza kuvumilia, asiyejua anatoka. Na ahadi hiyo itimizwe. Ikifika saa tano mkuu hana jipya, aandike: hatuna jipya, watoto wamekunywa maji, tutawaandikia saa sita.

Kuhusu ile orodha, kila mtoto awe na majina ya watu wawili au watatu wanaoruhusiwa kumchukua, yaliyotiwa sahihi na mzazi mwanzoni mwa mwaka na kurekebishwa kila muhula, kwa sababu hapa kwetu watu huhama. Na watoto wa darasa la kwanza wafundishwe kama wimbo: jina kamili la mama, jina la baba, mtaa, avenyu, namba ya simu. Mtoto anayejua kusema "Mama Furaha" tu, katika mji huu wa akina Mama Furaha wengi, ni vigumu kumrudisha nyumbani.

WhatsApp inasaidia, naitumia pia. Lakini isiwe njia pekee. Simu yenye WhatsApp wanayo baadhi, na siku ya fujo mtandao ndio wa kwanza kukatika. Zaidi ya hapo, katika kikundi cha wazazi mia mbili, odio moja ya mtu aliyeambiwa na shemeji yake inasikilizwa kuliko maandishi ya prefe, yaani mkuu wa shule. Kikundi cha shule kifungwe, waandike wawili tu, na maswali yaende kwa mzazi mmoja wa kila darasa. Kisha muwe na mnyororo wa miguu: katika kila avenyu mzazi mmoja anayejua nyumba zenye watoto wa shule hii. Redio za mji, parokia, makanisa na misikiti wapewe namba ya mkuu, ili kabla ya kutangaza waulize.

Nije kwenye pesa. Wazee waliomo humu wanakumbuka tulikotoka. Mkataba wa mwaka 1977 ulirudisha shule nyingi mikononi mwa makanisa huku serikali ikibaki mlipaji. Miaka ya 90 mlipaji akashindwa, walimu wakagoma, na wazazi wakaanza kuchanga ile prime, nyongeza ya mshahara wa walimu, ili watoto wasikae nyumbani. Ulikuwa msaada wa dharura, ukageuka kuwa nguzo ya nyumba nzima. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ikasema elimu ya msingi ni ya lazima na ni bure katika shule za serikali, lakini utekelezaji wake ulingoja mpaka Septemba 2019. Sekondari tunaendelea kulipa, na shule za binafsi ni juu yetu kabisa. Kwa hiyo zaidi ya miaka 25 mzazi wa Kongo amekuwa mfadhili mkuu wa elimu, bila kuonyeshwa daftari.

Kuna mfano wa jirani. Uganda, kati ya 1991 na 1995, serikali ilikuwa ikitoa ruzuku kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi. Watafiti walipokwenda shuleni kuuliza, walikuta kwamba kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku hiyo ilikuwa imefika. Sehemu nyingi ilibaki wilayani. Serikali ikaanza kuchapisha katika magazeti ni kiasi gani kimetumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia mwaka 2001, zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Wapo wataalamu wanaosema magazeti peke yake yasingeweza, kwamba mageuzi mengine ya serikali yalisaidia, na nadhani wana haki. Lakini niambieni: mageuzi gani mengine tunayoweza kuanza kesho asubuhi kwa karatasi moja na gundi?

Karatasi hiyo iwe na nini? Kiasi kilichoingia muhula huu, kilichotoka na kwa kazi gani, kilichobaki. Sahihi ya mkuu, ya mtunza pesa, na ya mzazi kutoka komite. Ionyeshe pia kiwango cha kubadilisha pesa. Hili linaleta ugomvi kila siku: ada imetajwa kwa dola, mzazi analeta franka, shule inahesabu kwa kiwango chake, na kambisti aliye barabarani ana kingine. Andikeni: wiki hii tunapokea kwa kiwango hiki. Ugomvi nusu utakwisha. Na namba ya simu ya kupokelea pesa isomeke jina la shule. Namba ya prefe mwenyewe au ya mdogo wake haifai, hata kama ni mtu mwaminifu kabisa, kwa sababu akihamishwa anaondoka na historia ya malipo yote.

Marekani, wilaya ya shule huwa na bodi, mara nyingi iliyochaguliwa na wakazi, na bajeti hujadiliwa mbele ya watu kabla ya kupitishwa. Sisi tuna komite ya wazazi na baraza la uongozi ambamo wazazi wana kiti. Kiti hicho kikaliwe na mtu anayesoma hesabu, si yule anayeitwa kuweka sahihi baada ya soda.

Kuna ukuta mmoja ambao tayari una karatasi, na unaniumiza. Shule nyingi hubandika majina ya watoto wanaodaiwa, au huyasoma mbele ya bendera, kisha mtoto anarudishwa nyumbani akipita katikati ya wenzake. Mtoto hana mshahara. Deni ni la mzazi, na mzazi anaitwa ofisini, anaketishwa, anaongeleshwa kama mtu mzima. Ondoeni majina hayo ukutani. Palepale bandikeni hesabu ya shule.

Lakini uwazi una mipaka yake, na kwetu mipaka hiyo ni ya maisha. Tangu vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango, na pesa nyingi za shule zikaanza kupita mikononi na kwenye simu. Hesabu itangazwe baada ya matumizi. Mahali pesa zinapolala, siku zinapobebwa, jina la anayezibeba, hayo yajulikane na watu watatu. Msiandike kwenye kikundi kwamba leo tumekusanya vizuri. Na picha za watoto, majina yao kamili na mahali familia zilizokimbia zimepanga, visiwekwe mahali ambapo watu mia mbili wanaweza kuvituma mbele.

Kabla sijakaa, nijibu neno ambalo wakuu wawili wameniambia pale mlangoni: kwamba wakibandika hesabu, wazazi watabishana juu ya kila franka. Ndiyo, watabishana. Muhula wa kwanza mtachoka. Atatokea baba mmoja atakayedai risiti ya chaki, na mama mmoja atakayewaambia mbao mlizonunua kwa bei ile zinapatikana soko la Virunga kwa bei ya chini. Huyo mama apewe kazi ya kwenda na mtunza pesa kununua mbao zinazofuata. Na huyo baba awekwe kwenye komite ya hesabu, kwa sababu siku mtakapomwandikia asije, watoto wako salama, ndiye atakayesimama kwenye avenyu yake na kuwaambia jirani zake wakae nyumbani.

Nimeleta nakala za ile karatasi ya hesabu na ya orodha ya kuchukua watoto, ziko mezani kando ya mlango. Mama pale safu ya tatu, umeinua mkono tangu nilipotaja prime. Karibu, uliza.