Jua la Garissa, maji ya Masinga

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi: nimeitwa kuzungumzia umeme wa jua, lakini naomba nianzie kwenye bwawa.

Mwaka 2000 ukame uliyashusha maji ya Mto Tana, na stima ikawa ya mgao. Wa rika langu mnakumbuka: taa ya mafuta mezani, friji inachuruzika maji sakafuni. Umeme wetu mwingi ulitegemea mito. Na mvua inapokatika, ndipo jua linapochoma zaidi. Jua lote lile lilikuwa likiishia kwenye mabati yetu.

Desemba 2019 ukazinduliwa mtambo wa sola wa Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya: megawati 50, hekta 85, paneli zaidi ya 200,000. Ukafuata wa Malindi, megawati 40, na mitatu ya upande wa Eldoret, 40 kila mmoja. Jumlisheni wenyewe: 210. Watu huniuliza, inatufaa nini, ikiwa jua linazama saa kumi na mbili na nusu na nchi inawasha taa na televisheni saa moja, saa mbili usiku? Ni swali la haki kabisa.

Tazameni Masinga, lile bwawa la Mto Tana. Maji yanayotoka pale huzungusha mashine hapohapo, kisha huteremka kwenye mitambo mingine ya mto huohuo: Kamburu, Gitaru, Kindaruma, hadi Kiambere. Maji yaleyale, mara tano! Sasa saa sita mchana Garissa inapofua umeme, msimamizi wa gridi anaweza kupunguza maji yanayopitishwa. Yanabaki bwawani. Giza likiingia, anayafungulia. Betri yetu ndiyo hiyo, tuliijenga miaka mingi kabla ya kununua paneli za Garissa.

Kazi si nyepesi. Paneli hupenda mwanga, si joto: ikifika nyuzi 60, hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya umeme wake, na joto la Garissa mnalijua. Wingu likipita, umeme hushuka ghafla. Hapo tena maji ndiyo huokoa, maana mashine zake huitika upesi, ilhali mvuke wa ardhini wa Olkaria unafaa zaidi kufua kwa kiwango kilekile usiku na mchana.

Kwa hiyo nikisikia kwamba sola bado ni asilimia chache tu ya umeme wa Kenya, sivunjiki moyo. Nauliza kwanza Masinga imebaki na maji kiasi gani.