Mtoto Mchanga Anapoacha Kunyonya: Kuitambua na Kuitibu Sepsisi Mapema

Ndugu wakunga, wauguzi na matabibu,

Mtu mzima akipatwa na sepsisi, yaani maambukizi makali yaliyosambaa mwilini, hutetemeka, huchemka homa na hulalamika maumivu, lakini mtoto aliyezaliwa juzi mara nyingi hana nguvu za kufanya hata moja kati ya hayo. Huacha kunyonya, akanyamaza. Kwa hiyo nawaomba, mama anaposema kwamba mwanawe hanyonyi kama alivyonyonya jana, neno lake mlipe uzito uleule mnaoupa kipimo cha maabara, na mtoto achunguzwe papo hapo.

Shirika la Afya Duniani limetaja dalili za kutafuta kwa mtoto wa chini ya miezi miwili: kutonyonya vizuri, degedege, kifua kubonyea sana anapovuta pumzi, joto la nyuzi 38 au zaidi, joto lililo chini ya nyuzi 35.5, kulegea hata asijongee ila aguswe, na kwa aliye chini ya siku 7, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika. Dalili moja inatosha kutuingiza kazini. Joto la chini ndilo linalonitia hofu zaidi, kwa kuwa ndilo tunalolipuuza: mtoto aliyepoa, hasa njiti, huongezewa blanketi na kuachwa, ilhali huenda kupoa huko ndiko ishara pekee kwamba bakteria wameingia kwenye damu. Mpasheni joto kifuani pa mama, lakini wakati huohuo mkagueni mwili mzima, mkitazama kitovu chenye usaha au wekundu unaosambaa tumboni, utosi uliovimba, na vipele vya usaha.

Ulizeni pia habari za uzazi: kama chupa ilipasuka zaidi ya saa 18 kabla ya kujifungua, kama mama alikuwa na homa wakati wa uchungu, kama mtoto alizaliwa kabla ya wiki 37. Maambukizi yanayojitokeza ndani ya saa 72 za mwanzo kwa kawaida hutoka katika njia ya uzazi. Yanayokuja baadaye kwa mtoto aliyelazwa mara nyingi hupitia kwenye mikono yetu, mipira ya dripu na vifaa vyetu, na hilo lazima tulikubali bila kujitetea.

Damu ya kuotesha vimelea ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ikiwezekana, ila kukosekana kwa kipimo hicho kusimcheleweshee mtoto dawa za kuua bakteria, ampisilini na jentamisini. Pimeni sukari, ikiwa chini ya milimoli 2.6 kwa lita na mtoto hawezi kunyonya, apewe mshipani maji ya sukari (dekstrozi) ya asilimia 10, mililita 2 kwa kila kilo ya uzito. Seftriaksoni, dawa nyingine ya kuua bakteria, msimpe mtoto mwenye manjano, kwa sababu huiondoa bilirubini, ile rangi inayoleta manjano, kwenye protini inayoibeba ndani ya damu, na bilirubini iliyoachwa huru huweza kuudhuru ubongo.

Anayepewa rufaa apate dozi ya kwanza kabla ya kuondoka, na asafiri akiwa ngozi kwa ngozi na mama. Familia isipoweza kabisa kwenda hospitali, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unaruhusu jentamisini ya sindano pamoja na amoksilini ya kunywa, kwa ufuatiliaji wa karibu. Lakini mwenye degedege, aliyepoteza fahamu au asiyeweza kunyonya kabisa hahusiki na ruhusa hiyo, naye ni wa kulazwa.

Kuanza haraka hakumaanishi kuendelea bila kufikiri. Ikiwa baada ya saa 48 hakuna kimelea kilichoota na mtoto ananyonya na kuchangamka, dawa zisimamishwe, kwani kila dozi isiyo ya lazima hulea usugu, na tayari bakteria aina ya klebsiela wasiosikia dawa hizi za kawaida wameenea katika wodi nyingi za watoto wachanga. Aliyethibitika kuwa na sepsisi huendelea kwa siku 7 hadi 10, na mwenye homa ya uti wa mgongo kwa wiki 3. Na ikiwa saa 48 zimepita bila nafuu, dawa zibadilishwe kwa kufuata majibu ya maabara, maji ya uti wa mgongo yapimwe kama hayajapimwa, na viungo vikaguliwe kimoja kimoja kutafuta usaha uliojificha.